Kumwandika nguruwe: mwongozo kamili wa kumjenga mhusika ambaye msomaji amekwisha kumhukumu

Sungura akitajwa, msomaji anangoja ujanja. Fisi akitajwa, anangoja ulafi. Simba huja na ufalme wake. Nguruwe huja na mzigo mzito kuliko hiyo yote: huja amehukumiwa. Ng'ombe hukamwa, punda hubeba, kuku hutaga, mbwa hulinda, kondoo hunyolewa sufu. Nguruwe wa bandani hafanyi lolote kati ya hayo, anafugwa aliwe. Upande wa pili wako wasomaji wengi ambao dini zao zimemharamisha. Hao hawamli, lakini nao hukutana naye wakiwa wamekwisha kuamua yeye ni nani. Kwa hiyo kabla hujaandika hata sentensi moja, msomaji ana nguruwe wake kichwani.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kumweka nguruwe ndani ya hadithi, iwe ngano ya watoto, riwaya, tamthilia au tashtiti ya kisiasa, yaani kejeli ya kuwakosoa wenye madaraka. Anayehakiki kazi za wengine anaweza kuzigeuza hatua hizi ziwe maswali. Hoja yangu ni moja: nguruwe wa fasihi husimama pale mwandishi anapokikabili kisu na tumbo, yaani kifo anachofugiwa na njaa anayolaumiwa. Anayevikwepa vyote viwili hubaki na kinyago cha rangi ya waridi kinachoongea.

Hatua ya kwanza: amua kisu kiko wapi

Anza hapa, kabla ya jina na kabla ya sura yake. Chukua karatasi, uandike sentensi moja inayojibu maswali matatu: nani ameshika kisu, nani anajua, na siku yenyewe ni lini. Jibu linaweza kuwa "hakuna kisu", lakini liwe jibu ulilolichagua.

Tazama waandishi walivyolijibu. E. B. White, katika *Charlotte's Web* ya mwaka 1952, anaanza na baba anayetoka nyumbani asubuhi na shoka mkononi. Kuna mtoto wa nguruwe aliyezaliwa dhaifu, na Fern, binti wa nyumba hiyo, anauliza shoka linakwenda wapi. Baadaye mtoto huyo, Wilbur, ananusurika, anauzwa kwa mjomba wa Fern, anakula, ananenepa, anafurahi. Ndipo kondoo mzee anapomwambia kwamba ananenepeshwa ili achinjwe ifikapo Krismasi. Angalia mpangilio ulivyo: msomaji anajua kwanza, mhusika anajua baadaye, na kila shibe iliyosimuliwa katikati inageuka kuwa hesabu ya kumkaribia mchinjaji. Miaka minne kabla, White alikuwa amechapisha insha juu ya nguruwe wake mwenyewe aliyeugua na kufa, akieleza jinsi mfugaji aliyekusudia kumchinja mnyama alivyojikuta akimuuguza. Mkanganyiko huo, wa mkono uleule kulisha na kuua, ndio unaoibeba riwaya.

George Orwell alikiweka kisu mdomoni mwa nguruwe mwenyewe. Katika kitabu chake cha 1945, ambacho wasomaji wa Kiswahili wamekijua kama *Shamba la Wanyama* kwa tafsiri ya Fortunatus Kawegere, Old Major, dume la miaka kumi na miwili, anawaambia vijana wa nguruwe waliokaa mbele yake kwamba kabla mwaka haujaisha watapiga mayowe machinjioni. Mapinduzi yanazaliwa kutokana na hofu hiyo. Kisha kisu hakipotei, kinahama mikono. Kinawafikia nguruwe vijana wanne waliothubutu kulalamika, na mwishoni kinamfikia farasi Boxer, mfanyakazi kuliko wote, anayeuzwa kwa mchinja farasi huku nguruwe wakipata pesa za pombe. Ukitaka kuelewa kwa nini kisa hicho kinauma, fuatilia kisu peke yake.

Na wale nguruwe watatu waliojenga nyumba? Katika toleo alilolichapisha Joseph Jacobs mwaka 1890, mbwa mwitu anawala wawili wa kwanza, na wa tatu anamchemsha mbwa mwitu na kumla kwa chakula cha jioni. Matoleo mengi ya baadaye yanawaokoa wale wawili wakimbilie kwa ndugu yao. Huruma hiyo ina gharama: nyumba ya matofali inageuka kuwa somo la bidii tu, ilhali pale mwanzo ilikuwa tofauti kati ya kula na kuliwa. Sisemi uwaogofye watoto. Nasema ukikiondoa kisu, weka kitu kingine chenye makali mahali pake.

P. G. Wodehouse alifanya hivyo hasa. Jike lake mnene, Empress of Blandings, hana mchinjaji anayemngoja. Ana maonyesho ya kilimo na medali ya nguruwe wanono. Hofu imehama kutoka machinjioni hadi kwenye mashindano, na kwa hiyo tunacheka.

Hata kucheka na kisu chenyewe kunawezekana. Kuna maandishi mafupi ya Kilatini ya karne ya nne hivi, wosia wa nguruwe aitwaye Marcus Grunnius Corocotta. Mpishi yuko tayari, naye anaomba saa moja ya kuandika wosia: manyoya yake magumu wapewe washona viatu, masikio wapewe viziwi, ulimi wapewe mawakili na wapiga domo. Mtakatifu Jerome anataja kwamba watoto wa shule wa enzi zake waliuimba huku wakivunjika mbavu. Mzaha wote unatokana na marehemu mtarajiwa kujigawa kabla hajagawanywa.

Hatua ya pili: mpandishe au mshushe kwenye ngazi ya utu

Tashihisi, yaani kumpa mnyama sifa za mtu, si swichi ya kuwasha na kuzima. Ina vidato, nawe lazima ujue mhusika wako amesimama kwenye kipi.

Chini kabisa yuko nguruwe ambaye ni mnyama tu. Hasemi, hatuingizwi akilini mwake, lakini anabeba maana. William Golding, mwaka 1954, aliandika juu ya wavulana waliokwama kisiwani wanaomwinda jike anayenyonyesha, kisha wanakichomeka kichwa chake kwenye mti kama sadaka. Jike huyo hana jina wala neno, na bado baada ya kifo chake kitabu hakiwi kilekile.

Kidato cha pili yuko nguruwe anayewaza na kuongea na wanyama wenzake, ila binadamu hawamsikii. Hapo ndipo alipo Wilbur. Hapo ndipo pia alipo nguruwe mchunga kondoo wa Dick King-Smith katika kitabu cha 1983, anayegundua kwamba kondoo wakiombwa kwa adabu hutii kuliko wakibwekewa.

Kidato cha tatu anavaa nguo. Beatrix Potter, katika kisa cha Pigling Bland cha 1913, anawapa nguruwe makoti na vibali vya kusafiria, na papo hapo hatusahaulishi kwamba wao ni nyama. Msichana wa nguruwe anapoulizwa ameibiwa ili afanywe nini, anajibu kwa uchangamfu kwamba ni kwa ajili ya nyama. Koti linavaliwa na kisu kinabaki. Nadhani hapo Potter ni jasiri kuliko wanavyodhani wengi wanaomwona kuwa mwandishi wa vijisungura tu.

Kidato cha nne ni mtu aliyegeuzwa nguruwe, na hapa kuna swali moja la lazima: akili imebaki? Homer, katika utenzi wa Odisei, alijibu waziwazi. Circe, mchawi wa kike, anawalisha mabaharia wa shujaa Odysseus jibini, unga wa shayiri na asali vilivyotiwa dawa, anawagonga kwa fimbo, wanapata vichwa, sauti na manyoya ya nguruwe, lakini akili zao ni zilezile. Wanalia wakiwa zizini huku wakitupiwa matunda ya mwaloni. Plutarch baadaye alimchukua mmoja wa waliogeuzwa, Gryllus, akampa mdomo, naye akabishana na Odysseus kwamba wanyama wana ushujaa na kiasi kuliko watu, na kwamba yeye harudi. Lewis Carroll mwaka 1865 alimgeuza mtoto mchanga mikononi mwa Alice bila maelezo yoyote. Alice anamwacha atembee zake msituni, akiona kwamba kwa nguruwe sura ile inafaa. Na Marie Darrieussecq, mwaka 1996, alimfanya mwanamke anayegeuka nguruwe polepole awe msimulizi wa riwaya nzima. Kasi ya kugeuka ndiyo inayoamua aina ya hadithi: kufumba na kufumbua ni maajabu, polepole ni hofu.

Kazi yako: chagua kidato, kisha uiweke sheria wazi katika ukurasa wa kwanza au wa pili. Nguruwe akinyamaza mbele ya binadamu kwa sura tano halafu sura ya sita amjibu mwenye shamba kwa sababu umekwama, msomaji ataacha kukuamini. Isipokuwa kama kupanda ngazi ndiyo hadithi yenyewe. Katika *Shamba la Wanyama* msuko wote ni kupanda vidato: kwanza wanasoma, halafu wanalala vitandani, wanakunywa pombe, mwisho wanatembea kwa miguu miwili wakiwa na kiboko. Baada ya kusoma, kila kidato kinavunja amri moja iliyoandikwa ukutani. Ukiwa na nia ya kuandika juu ya madaraka, iga ufundi huo wa kupanga, si lazima uige shamba.

Hatua ya tatu: mjue mnyama mwenyewe

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayomtofautisha mwandishi na mchoraji wa vibonzo. Haijalishi nguruwe wako yuko kwenye kidato gani. Mwili wake lazima uwe wa nguruwe.

Anza na pua. Nguruwe huijua dunia kwa kunusa na kufukua. Ncha ya pua ni ngumu lakini ina hisi kali, na uwezo wake wa kunusa ni mkubwa kiasi kwamba watu wamemtumia kutafutia uyoga wa thamani unaoota chini ya ardhi. Macho yake hayaoni mbali vizuri. Kwa hiyo sentensi kama "alimwona tajiri akitokea kule kilimani, akamtambua kwa uso" ni ya mwandishi aliyesahau anamwandika nani. Nguruwe angesikia nyayo, angepata harufu ya sabuni, ya tumbaku, ya ndoo ya makombo, na pengine ya damu kwenye aproni. Ukitumia harufu, kisu chako kinaweza kuingia kwenye hadithi kabla mtu yeyote hajakitaja.

Kisha jasho. Watu husema "anatoka jasho kama nguruwe", na wanakosea: nguruwe ana uwezo mdogo sana wa kujipoza kwa jasho. Ndiyo sababu anagaagaa matopeni. Tope linampoza na kumkinga na jua. Hiyo inakupa mambo mawili. Kwanza, usimtoe jasho la woga. Mtetemeshe, mfanye agune kwa haraka, mfanye agande mahali alipo. Pili, unaweza kuigeuza tuhuma ya uchafu. Akipewa nafasi ya kutosha, nguruwe hutenga sehemu ya kujisaidia mbali na anapolala. Anayemfungia kwenye kibanda kisichotosha kugeuka, kisha akamwita mchafu, ndiye aliyeuleta uchafu huo. Mgogoro mzima wa hadithi unaweza kujengwa juu ya jambo hilo.

Mpangilio wa chuchu ni zawadi nyingine kwa msimulizi. Watoto wa nguruwe huzaliwa na meno makali kama sindano, na katika siku za kwanza hupigania chuchu za mama yao mpaka kila mmoja anapata yake, kisha hurudi kwenye ileile. Za mbele kwa kawaida hutoa maziwa vizuri zaidi. Anayeshindwa huenda nyuma, hunyonya kidogo, hudumaa. Na maziwa hayatoki wakati wote: mama huguna kwa mahadhi, mguno unaongezeka kasi, kisha maziwa hutiririka kwa sekunde ishirini hivi tu, halafu basi. Aliyechelewa amekosa. Ukitaka kueleza ukoo wenye urithi usiotosha, hapo una sura ya kwanza tayari, bila kubuni kitu.

Mama naye usimsahau. Hubeba mimba kwa siku 114 hivi, na wafugaji huzihesabu kwa miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Akikaribia kuzaa, akiwa na uhuru, huchimba shimo na kukusanya nyasi na matawi ajenge kiota. Jike aliyefungiwa kwenye sakafu ya saruji hufanya miondoko ileile ya kujenga, bila nyasi. Huyo huyo anaweza kumlalia mtoto wake akamuua bila kukusudia, na wapo wanaowashambulia watoto wao kwa makusudi. Fasihi ya watoto humpenda nguruwe mdogo. Nguruwe jike mzima, mwenye kilo mia mbili na zaidi, amesahauliwa, na kwangu mimi ndiye mwenye hadithi nzito zaidi ambayo bado haijaandikwa vya kutosha.

Kuhusu akili yake huna haja ya kutia chumvi. Watafiti wamewafundisha nguruwe kusogeza alama kwenye skrini kwa kusukuma kijiti kwa pua, na wengine wamewaona wakitumia kioo kutafuta chakula kilichofichwa. Mfanye mjanja kwa mambo ya aina hiyo: lachi ya mlango, ratiba ya mlishaji, nani ana huruma na nani hana.

Hatua ya nne: tumia tumbo, kisha lipite

Methali inasema nguruwe aendealo ndilo atendalo. Ni sifa nzuri kwa mhusika: anataka kitu, anakwenda, anafanya. Tatizo huja pale mwandishi anapofikiri kitu hicho ni chakula tu, na kila anapohitaji kichekesho anamtumbukiza kwenye kihori.

Mwandishi aliyelifahamu tumbo kuliko wote, kwa maoni yangu, ni yule aliyetunga *Safari ya Magharibi*, riwaya ya Kichina iliyochapishwa mwaka 1592. Zhu Bajie alikuwa jemadari wa mbinguni. Akalewa, akamsumbua Chang'e, mungu wa kike wa mwezini, akafukuzwa, na akiwa njiani kuzaliwa upya akaingia tumbo lisilo lake, la nguruwe. Akiwa duniani anaoa katika familia ya Gao. Anafanya kazi shambani kwa bidii, na anakula kuliko anavyozalisha. Baba mkwe hajui ashukuru au alie. Katika safari ndefu anabeba mizigo, anapigana kwa reki ya meno tisa, anatamani wanawake, analala usingizi penye hatari, anamsingizia tumbili Sun Wukong kwa mtawa wanayemsindikiza. Mwishoni wenzake wawili wanapewa ubuddha, yeye anapewa kazi ya kusafisha madhabahu. Analalamika. Anajibiwa kwamba tumbo lake bado ni kubwa, na sadaka za dunia nzima zinahitaji mlaji. Ni adhabu na ni pepo kwa pamoja, nami sijui tuzo nyingine iliyomkaa mhusika vizuri namna hiyo.

Wodehouse aligeuza upande mwingine: nguruwe wake anagoma kula. Katika kisa cha 1927 mtunzaji wake anafungwa jela, Empress anakiacha kihori kikiwa kimejaa, na kasri zima linaingia wazimu wakati siku za maonyesho zimekaribia. White alikwenda mbali zaidi. Wilbur anapotaka panya Templeton akakiteremshe kifuko cha mayai ya buibui Charlotte, rafiki yake, hana cha kumlipa ila nafasi yake kwenye kihori: panya ale kwanza, ashibe, ndipo yeye ale. Kwa mhusika mwingine hiyo ingekuwa adabu ndogo. Kwa nguruwe ni kafara.

Kwa hiyo andika sentensi ya pili chini ya ile ya kisu: mhusika wangu anataka nini ambacho angekubali kulala na njaa kwa ajili yake? Usipopata jibu, usiendelee.

Hatua ya tano: pima chuki ya msomaji

Katika Injili ya Marko pepo wanaomba kuingia kwenye kundi la nguruwe kama elfu mbili, na kundi lote linaporomoka ziwani. Katika Luka, mwana mpotevu anajua amefika chini kabisa pale anapotamani maganda wanayokula nguruwe. Torati na Kurani zimeiharamisha nyama yake. Lakini Homer alimfanya mchunga nguruwe, Eumaeus, kuwa mtumishi mwaminifu kuliko wote wanaomngoja Odysseus. Katika masimulizi ya Kihindu Vishnu alichukua umbo la nguruwe dume, Varaha, akaiinua dunia kwa meno yake marefu kutoka kilindini. Katika kalenda ya Wachina nguruwe hufunga duru ya wanyama kumi na wawili.

Usijaribu kuutetea upande wowote kwa hotuba. Mwache msomaji aje na alichonacho, kisha umweke mhusika mahali ambapo hukumu hiyo inafanya kazi: mmoja anamkimbia kama najisi, mwingine anamkaribia kama kitoweo, na nguruwe mwenyewe hajui kwa nini watu wawili wanamtazama tofauti. Kinaya kitajitokeza chenyewe.

Onyo moja ambalo silegezi. Nguruwe kama tusi dhidi ya jamii fulani ana historia mbaya. Makanisa kadhaa ya Ujerumani, likiwemo la Wittenberg, bado yana michongo ya zama za kati inayowadhalilisha Wayahudi kwa sura ya nguruwe. Tashtiti impige mwenye madaraka kwa matendo yake. Ikianza kuwapiga watu kwa kabila au dini yao, si tashtiti tena.

Hatua ya sita: wenzake

Hapa ni haraka. Nguruwe mmoja anahitaji rafiki asiyefanana naye kwa mwili: buibui mwepesi, mbwa mchungaji, tumbili asiyetulia. Piglet wa A. A. Milne, aliyetokea mwaka 1926, hana ulafi hata kidogo; ameachiwa dubu Pooh apende asali, naye amebaki na woga na udogo. Ni mgawanyo wa akili. Nguruwe wakiwa wengi, mpe kila mmoja kazi: Orwell ana anayepanga, anayetawala, na anayesema. Squealer, huyo msemaji, ndiye anayeeleza kwa nini maziwa na matofaa lazima yawe ya nguruwe peke yao. Wawili wenye kazi moja, mmoja wao ni wa kufuta.

Hatua ya saba: sauti

Chukua tukio moja, uliandike mara tatu, kila mara kwenye kidato tofauti. Tuseme mlango wa banda umeachwa wazi usiku.

Kidato cha chini: *Jike aliusukuma mlango kwa pua. Ulikwenda. Alisimama muda mrefu, kichwa ndani, hewa ya nje ikimpiga puani, kisha akageuka akawalalia wanawe.*

Kidato cha kati: *"Umefunguka," alisema jike. "Naona," akajibu dume, bila kunyanyuka. "Na ndoo ya asubuhi, ataileta wapi tukiondoka?"*

Kidato cha juu: *Nilikumbuka funguo. Niliwahi kuwa na kishada kizima kiunoni, nikifunga na kufungua nitakavyo. Sasa mlango ulikuwa wazi, na kwato zangu hazikujua kwamba zilikuwa zimeachiliwa.*

Mlango ni mmoja, hadithi ni tatu. Ya kwanza ni ya mama, ya pili ni ya utumwa uliozoeleka, ya tatu ni ya mtu aliyekuwa na mamlaka. Soma zako kwa sauti, uchague iliyokushika bila kujali ipi ina maneno mazuri. Na katika mazungumzo jiepushe na kuandika miguno kila mstari. Mguno mmoja ukiwekwa penye kigugumizi cha moyo unatosha ukurasa mzima.

Hatua ya nane: mwisho

Rudi kwenye sentensi zako mbili, ya kisu na ya tumbo, uulize nani analipa. Katika *Charlotte's Web* kifo hakifutwi. Kinamwangukia buibui, anayekufa peke yake kwenye uwanja wa maonyesho baada ya kutumia nguvu zake kuandika utandoni maneno ya kumsifu rafiki. Kwa Homer mabaharia wanarudishiwa umbo wakiwa vijana na wazuri kuliko walivyokuwa, jambo linalokera kidogo ukilifikiria. Kwa Orwell anayelipa ni kila mnyama asiye nguruwe, na wanaochungulia dirishani hawawezi tena kutofautisha nyuso. Mwisho ninaoushuku ni ule wa mwenye shamba kubadilika moyo ghafla kwa sababu nguruwe ni mzuri. Mfanye abadilike kwa faida, kwa aibu mbele ya majirani, au kwa kuchoka. Huruma ije baadaye, ikiwa itakuja.

Hatua ya tisa: kusahihisha

Nakili rasimu, kisha badilisha neno "nguruwe" liwe "mbuzi" kote. Isome. Mahali ambapo hakuna kilichoharibika, hukuandika juu ya nguruwe. Tia alama, urudi na pua, tope, kihori au kisu. Rasimu za kwanza nyingi hufeli jaribio hili kwa urahisi wa kutia aibu, hasa sehemu za mazungumzo.

Halafu tafuta wasomaji wawili: mmoja aliyewahi kufuga nguruwe, mwingine ambaye kwake nguruwe ni haramu. Wa kwanza muulize ni wapi mnyama wako amefanya jambo ambalo nguruwe hafanyi. Wa pili usimuulize kama amempenda mhusika. Muulize ni ukurasa gani alisahau kwamba anasoma juu ya nguruwe, na ni ukurasa gani alikumbuka tena. Kurasa hizo mbili zitazame kwa makini kabla hujagusa kitu kingine chochote kwenye rasimu.